Mbu Waliozaliwa Zahanati

Jua lilikuwa linazama, na Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha watoto wake pacha, sindano mdomoni, akichomeka chandarua chini ya godoro. Upande wa miguuni aliona tundu jipya la kutosha kidole, na kidole chenyewe alikijua. Kilikuwa cha Kasuku, binti yake, aliyependa kutoboa kila kilichofumwa. Fundi akatoa sindano mdomoni, akaanza kuziba. Alikuwa fundi cherehani, anashonea mtaa mzima, na kama ilivyo kwa mafundi wote, chandarua cha wanawe kilikuwa na viraka kuliko suruali ya mpaka rangi. Hajamaliza hata mshono wa pili, mbu akapiga hodi.

Hakuwa na makeke. Alisimama hewani kando ya tundu, akasema, "Hodi," kwa ile ile sauti nyembamba ambayo mbu wamekuwa nayo siku zote.

"Kaibu!" akaitika Kasuku kutoka ndani ya chandarua, maana ndivyo alivyofunzwa.

Mbu akashukuru, akapita tunduni, akamuuma shavuni. Fundi akamwahi kwa kofi moja.

Bibi, mama wa mume wake, alikuwa mlangoni juu ya kigoda, anachambua mboga. Akageuka.

"Mama Pacha, umeua mgeni aliyekaribishwa."

"Mgeni gani, mama? Mbu huyu!"

"Kapiga hodi, kaitikiwa. Ulitaka alete na cheti?"

Kesho yake bombani ikajulikana kwamba nyumba zote zimepigiwa hodi. Hakuna aliyeshangaa sana. Muuza mkaa alisema ukikaa na waungwana utakuwa muungwana, na hawa mbu wamekaa nasi tangu enzi za mababu, kwa hiyo walichelewa tu. Kilichozungumzwa zaidi ni utaratibu, nao baada ya siku chache ulikuwa umeshaeleweka. Mbu alipiga hodi mara tatu, akinyamaziwa akaenda zake bila kinyongo. Chandarua alikihesabu kuwa ni nyumba ya mtu, hata kikiwa na matundu, na hakuingia mpaka aitikiwe. Aliyelala bila chandarua alihesabiwa yuko barabarani, na barabarani nani anapiga hodi? "Karibu" nayo ikishatoka mdomoni haikuwa na mwenyewe. Kila aliyepiga hodi na kuisikia aliichukua.

Kwa hiyo kumkinga mtoto kukawa kazi rahisi kuliko wakati wowote. Unachomeka chandarua, unamwambia anyamaze, basi.

Rahisi kwa kusema. Hebu jaribu wewe kuinyamazia hodi! Mtu aliyelelewa akaleleka, hodi ikimfika sikioni, "karibu" inamtoka kama chafya. Watu wazima na ndevu zao waliitika wakiwa usingizini, wakaamka na mapaja yamevimba. Mwalimu mkuu alikuwa anajifunga leso mdomoni kabla ya kulala. Nyumba moja walikuja wageni wa posa jioni, wakapiga hodi, wenye nyumba wakaitika karibuni kwa furaha, na watoto wote waliokuwa wamelala chumba cha pili wakaumwa hadi nyayo. Posa ilipokelewa, lakini kwa kujikuna.

Waliostarehe ni wale wasio na adabu. Kulikuwa na kijana mmoja wa gereji, maarufu kwa kutowaitikia wazazi wake, aliyemaliza mvua zote bila kipele hata kimoja. Mama yake, ambaye zamani alimlilia Mungu juu yake, sasa alimtaja bombani kwa majivuno.

Pacha wa Fundi walikuwa wameingia mwaka wa tatu. Wa kiume aliitwa Mzee kwa sababu alizaliwa amekunja uso na hajaukunjua hadi leo. Hakumwitikia mtu. Ukimwita, anakutazama tu kama anakufikiria. Ngozi yake ilikuwa laini, haina doa. Balaa ilikuwa Kasuku. Kasuku alipenda wageni. Kabla hajajua kutembea, Bibi alishamfundisha kuitikia hodi, na mtoto akaishika kazi ile kama mshahara wake uko humo. Aliitikia hodi za nyumba ya pili. Aliitikia hodi za redioni.

Akashikwa na homa. Fundi alimfunga mgongoni, akapanda gari hadi hospitali ya mjini, safari ya asubuhi nzima, kwa kuwa karibu hapakuwa na zahanati. Kasuku akalazwa, akaongezewa damu. Siku ya kuruhusiwa, nesi akamvuta Fundi pembeni.

"Mama, sikufichi. Damu ya huyu ilikuwa imekwisha. Tumemrudisha, lakini akipata malaria nyingine kabla hajarudisha nguvu, sijui kama tutamrudisha tena."

"Sasa nifanyeje, nesi?"

"Chandarua unacho?"

"Ninacho."

"Hodi anaitikia?"

"Anaitikia."

Nesi akatikisa kichwa kwa huruma. "Mfundishe utovu wa adabu," alisema. "Upesi."

Fundi aliogopa. Njia nzima ya kurudi alimshika Kasuku mguu wake mdogo, akauminya kila gari lilipotikisika, na kuogopa.

Masomo yakaanza jioni ile ile. Fundi alisimama nje ya chandarua, akasema, "Hodi."

"Kaibu!"

"Hapana, mama. Usiitikie. Nyamaza. Hodi."

"Kaibu, kaa hapa," akasema Kasuku, akasogea kumpa nafasi.

"Mtazame mwenzio. Unamwona Mzee anavyonyamaza? Fanya kama Mzee. Hodi."

Kasuku akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akajizuia. Macho yakamtoka, machozi yakamlengalenga, shingo ikatetemeka, kisha ikapenya katikati ya vidole: "Kaibu."

Mzee akamtazama dada yake kwa masikitiko.

Bibi naye alikuwa anatazama. "Nimezika mume," alisema, "nimelea na kulea, ila kumfundisha mtoto ufedhuli kwa makusudi, hilo sijapata kuliona. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu anafunzwa na mamaye kuwa mshenzi."

"Mama, atakufa."

Bibi akaokota kigoda chake, akakitoa hadi barazani. Tangu siku hiyo kila magharibi alikaa pale nje, gauni amelikunja hadi magotini, anawapokea mbu yeye kabla hawajafika dirishani. Aliwanong'oneza karibu, ili Kasuku asisikie akadakia. "Karibu huku, mwanangu, kwa mkubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndani wamelala." Nao walikuja. Miguu yake ikawa na vipele kama ngozi ya fenesi, na hakulalamika, ila aliomba mafuta ya kujipaka.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, Bibi hakuweza kukaa na mgeni bila kumuuliza habari. Ndivyo ilivyojulikana.

"Nyinyi watoto mnatoka wapi wengi hivi?" aliuliza jioni moja, mbu mmoja akiwa ametua gotini.

"Zahanati, bibi."

"Zahanati ya wapi?"

"Ya hapa hapa kwenu. Tumezaliwa pale, mimi na ndugu zangu wote."

Bibi akamwita Fundi aje asikie. Fundi akasimama mlangoni, uzi shingoni, na ilibidi akubali kwamba ni kweli. Diwani wao, ambaye kila mtu alimwita Mheshimiwa, alikuwa amechimba msingi wa zahanati ya watoto nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Siku ya kuweka jiwe kulikuwa na muziki, na bango likasimamishwa lenye picha yake akiwa amempakata mtoto wa watu. Kisha mafundi wakaondoka. Mvua ikaja, shimo likajaa, likazungushiwa uzio na kuwekewa mlinzi. Wenyeji wa kata ile walizaliwa majumbani, wengine garini njiani kwenda mjini. Waliozaliwa zahanati walikuwa mbu peke yao.

Asubuhi Fundi akakusanya wanawake wenzake na makoleo yao. Mlinzi aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu mstaarabu, na kwa sababu hiyo uso wake wote ulikuwa umevimba.

"Tumekuja kufukia hili shimo," alisema Fundi.

"Hilo si shimo, dada yangu. Hiyo ni zahanati. Ukifukia zahanati ni hujuma, unafungwa."

"Basi tuyamwage yale maji."

"Maji ni sehemu ya mradi mpaka mwenyewe aseme vingine."

"Haya, tumwagie mafuta ya taa juu, wafe."

Mlinzi akamtazama kwa mshtuko wa kweli. "Mafuta ya taa kwenye zahanati ya watoto? Akina mama, mna roho gani? Nendeni mkaongee na mwenyewe."

Wakaenda. Walifika getini kwa Mheshimiwa kabla ya magharibi, wakafuta jasho, wakapiga hodi. Ndani televisheni ilikuwa inasoma habari. Wakapiga ya pili, televisheni ikapunguzwa sauti. Walipopiga ya tatu, pazia likacheza kidogo, likatulia.

"Zimetimia," alisema Bibi, ambaye alikuwa amekuja kwa heshima ya jambo lenyewe. "Tuondoke."

Lakini Fundi hakuweza kuondoka. Akilini alimwona Kasuku pale hospitalini na mpira wa damu mkononi, akakamata vyuma vya geti, akapiga hodi ya nne kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Wenzake wakaangalia chini kwa aibu. Hodi ya nne! Tena mwanamke ana watoto.

"Dada, usijichoshe," ikasema sauti nyembamba. Mbu mmoja mkubwa alikuwa ametua kwenye kitasa. "Sisi ni majirani zake wa ukuta kwa ukuta. Kila jioni tunampigia hodi, vizazi na vizazi. Huyu hajawahi kumwitikia mtu."

"Hata nyinyi?"

"Hata sisi. Hatuijui ladha yake."

Hilo likaeleza mengi. Kwenye mkutano wa hadhara, Mheshimiwa alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba habari za mbu ni maneno ya wapinzani. "Mimi ninaishi jirani kabisa na ile zahanati," alisema, "na sijaumwa hata mara moja." Watu walimwita mwongo siku ile, wakamkosea. Alikuwa anasema kweli.

Fundi akarudi kwenye masomo, na masomo hayakwenda. Alijaribu kwa peremende, akajaribu kwa ukali. Alimwambia Kasuku kwamba mbu si wageni ni wezi, na Kasuku, ambaye aliamini mwizi naye huchoka akatafuta pa kukaa, alisema, "Kaibu, mwizi." Jioni hizo zote Fundi hakubandua macho kwenye chandarua. Cherehani ilikaa kimya. Nguo za watu zikalala kabatini, nusu zimekatwa, nusu zimeshikizwa kwa pini, na wenyewe wakaanza kuzifuata.

Wokovu ulikuja kwa mlango huo. Mke wa mwenye duka alikuwa na gauni lake la harusi ya mdogo wake, ambalo Fundi alikuwa ameahidi kwa Ijumaa, tena Ijumaa ya pili, na gauni halikuwa hata na mikono. Fundi akamwona kwa dirishani anakuja, amejitanda, mwendo wa shari. Akawarukia watoto.

"Sikilizeni. Mkiulizwa, mama hayupo. Sawa? Semeni hayupo." Akajibanza nyuma ya pazia la kabati.

"Hodi humu ndani!"

"Mama amesema hayupo!" Kasuku akaitika kwa sauti ya juu kabisa.

Yaliyofuata baina ya Fundi na mteja wake hayana haja ya kusimuliwa. Gauni liliondoka vipande vipande ndani ya mfuko, na maneno mengine makali yakabaki. Magharibi ilipoingia Fundi akachomeka chandarua, akakaa. Mbu mmoja aliyempita Bibi akafika kitandani.

"Hodi," alisema.

Kasuku alikuwa amefurahishwa sana na mchezo wa mchana. "Mama amesema hayupo!"

Mbu akasita hewani. Ilionekana anafikiri. Kuingia kwa watoto wakati mama yao hayupo ni jambo ambalo mtu mwenye heshima zake hawezi kulifanya, hata akiwa na njaa.

"Samahani," alisema. "Tutapita akirudi." Akatoka kwa dirisha alilojia.

Fundi aliweka uso wake kwenye neti akacheka mpaka akalia, na Kasuku akacheka naye bila kujua wanacheka nini. Mzee alikunja uso. Bibi akaja mbio kutoka barazani, akaelezwa, akafikiri. "Ni uongo," alisema mwishowe, "lakini una adabu."

Maneno yale yakasambaa. Kufikia Jumapili, watoto wa mtaa mzima walikuwa wanalala na jibu moja mdomoni, na wakubwa ambao hawakuweza kusema uongo walijizoeza kunyamaza. Mbu walihuzunika, ila walielewa. Usumbufu haukukosekana. Hodi ya binadamu nayo ikawa haiitikiwi, magharibi ikifika nyumba zote zinakuwa kama zimehamwa. Mume wa Fundi, dereva wa lori, alirudi kutoka safari ya mwezi, akapiga hodi kwake mara tatu, akaambiwa mama amesema hayupo, na kwa kuwa alilelewa na Bibi, akaenda kulala ndani ya lori. Asubuhi alikuta mkewe anamsubiri kwa chai na aibu. Naye alikuwa ameumwa kote. Lori halikuwa na chandarua.

Kasuku akaanza kunenepa. Nesi alimpima, akasema damu inapanda, lakini bado, bado kabisa, asije akaumwa. "Endeleeni kutokuwepo," alimwambia Fundi.

Kisha uchaguzi ukakaribia, na Mheshimiwa akatoka.

Alitoka jioni, kwa miguu, shati jeupe, watu wake nyuma yake, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nyuma ya watu wake walikuja mbu wa zahanati, wengi ajabu, wamejipanga kwa utulivu. Walikuwa hawajawahi kumwona jirani yao akitoka kutembelea watu, na walihesabu kwamba mkubwa kama huyo akikaribishwa mahali, nao watapata nafasi.

"Hodi!" alisema Mheshimiwa kwa muuza mkaa. Kimya. "Hodi!" kwa mwalimu mkuu. Kimya, na leso. Nyumba baada ya nyumba alipiga zake tatu, akasubiri, akasonga. Kadiri alivyonyamaziwa ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa.

"Mnaona?" aliwaambia watu wake. "Kata imetulia. Ingekuwa mtu ana shida si angetoka?"

Fundi alimsikia anavyokaribia. Alikuwa ukingoni mwa kitanda, mkono wake mmoja umepita chini ya neti, umeshika mguu wa Kasuku. Maneno aliyotaka kumwambia yule mtu alikuwa nayo tayari, aliyashona na kuyafumua siku nyingi: shimo, mpira wa damu, safari ya asubuhi nzima, hodi nne. Alihitaji neno moja tu la kumwingiza ndani. Lakini kando ya neti walikuwa wameshatua mbu, kwenye hodi yao ya pili, na nje mlangoni walikuwa wamejaa wengine. Neno hilo likitoka, wote watalichukua.

"Hodi wenyewe!" alisema Mheshimiwa.

"Hodi," wakasema mbu, ya tatu.

Fundi akafungua mdomo.

"Mama amesema hayupo!" akaitika Kasuku.

Nje kikapasuka kicheko. "Mtoto mwerevu huyu!" Mheshimiwa alisema. "Watoto kama hawa ndio ninaowajengea zahanati." Watu wake wakapiga makofi, na nyayo zikasogea.

Fundi akachomeka neti upya, pembe zote, akamwita Bibi akae pale, halafu akatoka mbio bila viatu. Alimkuta Mheshimiwa ameshaingia kwenye gari lililomfuata taratibu, vioo vyeusi vimepandishwa. Akagonga kioo. "Hodi," alisema. Ndani aliona kivuli cha kichwa, kimetazama mbele. "Hodi, Mheshimiwa." Gari likaanza kwenda, naye akaenda nalo kidogo, mkono juu ya kioo. Alisema na ya tatu. Kisha akabaki katikati ya barabara na vumbi lake, na kwa kuwa pale ilikuwa barabarani, mbu walimuuma bila kuuliza.

Alirudi ndani anajikuna. Bibi akampisha. Mvua ilikuwa imeanza upya, inasikika juu ya bati, na huko nyuma ya ukuta wa Mheshimiwa zahanati ilikuwa inajaa. Fundi akakaa, akapitisha mkono chini ya neti, akaushika ule mguu. Ulikuwa na joto la kawaida tu. Aliupima tena kwa nyuma ya kiganja kuhakikisha.

"Hodi," ikasema sauti nyembamba karibu na pembe yenye kiraka.

"Mama amesema hayupo," akajibu Kasuku, usingizi umeshamshika.

Mbu akamtazama Fundi, aliyekuwa amekaa hapo hapo mbele yake, mzima mzima. Fundi akamtazama mbu. Hakusema neno, hakujitikisa, akazuia hata pumzi, mpaka mbu akaomba radhi na kuondoka.